Niacheni na Nyota za Alhamisi

"Wameingia mpaka kwenye tamthilia!"

Hiyo ndiyo salamu aliyotupa Shangazi asubuhi ile. Futi ya kupimia ilikuwa bado inaning'inia shingoni, na pini zimebanwa kwenye ukosi wa gauni. Shangazi ni fundi cherehani wa chumba cha pili kutoka hapa kijiweni. Hana undugu na hata mmoja wetu, lakini ni shangazi wa kila mtu, hata wa wanaomzidi umri.

"Nani wameingia?" akauliza Afande.

"Wakubwa! Bodi ya maadili! Redio imetangaza tangu jana, mimi ndiyo nimesikia sasa hivi. Mama Kadogo, nimiminie kahawa kabla sijaanguka."

Nikammiminia. Mama Kadogo ni mimi. Kadogo mwenyewe alikuwa mgongoni, anatafuna pindo la mbeleko kana kwamba amelipiwa.

Kijiwe chetu hakina makuu. Ni benchi moja la mbao lililoegemea ukuta wa kinyozi, birika langu juu ya jiko, na ndoo ya kusuuzia vikombe. Kinyozi tunamwita Mizani, kwa sababu ndiyo nyota yake na hajawahi kuacha kututajia. Mizani hanunui hata wembe kabla hajajua nyota inasemaje kuhusu vitu vyenye ncha. Afande yeye alikuwa askari wa barabarani. Amestaafu, ila mkono wake wa kulia haujaletewa barua, bado unasimamisha kila kinachopita, pamoja na kuku.

"Bodi imefanyaje?" Mizani alichomoza kichwa mlangoni, povu la mteja likimchuruzika kwenye kiwiko.

"Imeamuru kwamba kuanzia mwezi ujao, mtu mbaya kwenye tamthilia lazima aadhibiwe kabla ya taarifa ya habari. Siku hiyohiyo! Eti watoto wasilale wakidhani ubaya unalipa."

"Safi sana," akasema Afande.

"Safi nini, Afande? Yule mama mwenye hoteli kwenye tamthilia yangu amemwibia dada yake mume, nyumba na jina. Chuki yangu kwa yule mama nimeilea kama mtoto! Sasa hata kabla hajamaliza kusuka njama, polisi hao mlangoni. Kesho mimi nitamchukia nani?"

"Utamchukia jirani, kama watu wengine wote," akasema Mizani.

"Jirani hana nguo nzuri kama zile!"

"Mwizi akamatwe," Afande akashikilia hapohapo. "Nguo nzuri au mbovu. Mimi nilipokuwa barabarani, gari likivuka taa nyekundu sikulisubiri livuke na ya pili nione hadithi inaishaje."

"Ndiyo maana hukupata kuwa na watazamaji," akasema Shangazi.

Hapo Mizani akaingia ndani, akatoka na gazeti. Gazeti hulinunua yeye kwa ajili ya wateja wanaosubiri zamu, lakini wateja hulipata likiwa limeshapoa. "Leo Alhamisi. Tumsikie Niacheni kasemaje."

Niacheni ni mwenzetu wa benchi hilihili, kiti chake ni pale mwisho karibu na mlango. Kila Alhamisi anaandika safu gazetini, kuhusu siasa na miziki na filamu na tamthilia. Gazetini ana jina lake refu la heshima. Sisi tunamwita Niacheni kwa sababu aanzie popote anaishia palepale: mtu mzima aachwe aamue mambo yake. Alipata kuanza na mtindo wa nywele wa mchezaji mpira, tukadhani leo amepumzika, aya ya tatu tayari yuko kwenye katiba.

"Mwenyewe mbona hajafika?" nikauliza.

"Atakuwa ameamua kuchelewa," akasema Shangazi. "Ni haki yake. Soma wewe, Mama Kadogo, wewe ndiye mwenye macho ya darasani."

Nasoma masomo ya jioni, na hapa kijiweni nimeshafanywa redio. Kuna sheria moja tu ya usomaji, na aliyeitunga ni Afande: anayemkatiza msomaji anasimama, na haketi tena mpaka makala iishe. Niacheni huipinga sheria hiyo kila wiki, na kila wiki huipinga akiwa amesimama.

Nikakohoa kidogo. "'Mwacheni Mbaya Apumue.'"

"Ah! Namwunga mkono huyu!" Shangazi akapiga paja.

"Simama," akasema Afande.

"Si kichwa cha habari tu!"

"Kichwa kiko kwenye makala. Simama."

Shangazi akasimama na kikombe chake, akinung'unika. Nikaendelea. "'Bodi inataka mbaya wa kwenye runinga aadhibiwe kabla ya taarifa ya habari. Sawa. Naomba kuuliza kwa adabu: na yule mbaya wa ndani ya taarifa ya habari, yeye ataadhibiwa kabla ya nini?'"

Mizani akaachia kicheko kilichorusha povu mpaka kwenye kioo.

"Simama," akasema Afande.

"Nimesimama, Afande. Nanyoa."

"Basi kaa kwanza, halafu usimame. Sheria ifuatwe."

Mizani akaja, akagusisha makalio kwenye benchi, akasimama tena. Mteja ndani akauliza kwa sauti kama kidevu chake kitanyolewa leo au kimesajiliwa tu.

Nikasoma: "'Mtu mzima anaaminiwa kuchagua mbunge, kuchagua mke, kuchagua daktari wa kumpasua. Lakini mpe rimoti, ghafla amekuwa mtoto. Akishika karatasi ya kura ana hekima. Akishika rimoti anahitaji mlezi. Mimi nadhani waheshimiwa wamechanganya mikono. Ule wa rimoti haujawahi kuharibu nchi.'"

"Hapana, hapo amekosea!" Afande akanyanyua mkono. "Rimoti ni kama usukani. Ukimwachia kila mtu ashike anavyotaka, barabara itakuwa..."

Tulikuwa tunamtazama wote, mpaka mteja aliyetoka nje na taulo shingoni.

"Afande," Shangazi akasema taratibu, kama anayefungua zawadi. "Simama."

Akasimama, na mgongo akaunyoosha kabisa. Benchi likabaki tupu. Asubuhi nzuri, kahawa ya moto, benchi la watu sita, na watu wote wima kwa sababu ya makala ya uhuru.

Nikamalizia aya zilizobaki. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, kulikuwa na mstari nilioupita kwa macho kabla ya kuupita kwa mdomo, na mdomo ukagoma.

"Endelea," akasema Mizani.

"'Kwa wasomaji wetu. Hii ni makala ya mwisho ya safu hii. Kuanzia Alhamisi ijayo, nafasi hii itakuwa ya Nyota Zako.'"

Kadogo akapiga kwikwi.

"Nyota?" Mizani akanong'ona. "Alhamisi pia? Si Jumapili peke yake?" Uso wake ukataka kucheka, ukaona aibu, ukabaki katikati kama mlango uliokwama. "Namaanisha, ni msiba. Msiba mkubwa."

"Ficha hayo meno kwanza ndipo uomboleze," akasema Shangazi.

Na ndipo Niacheni mwenyewe akatokea kwenye kona, amevaa tai.

Lazima nieleze uzito wa ile tai. Huyu ndiye mtu aliyeandika safu nzima kwamba tai ni kamba ambayo mtu hujifunga mwenyewe ili kuwarahisishia wengine kazi. Sasa alikuwa nayo shingoni, ya buluu, fundo lake dogo na gumu kama limefungwa na mtu mwenye hasira.

"Mbona mmesimama wote?" akauliza. "Msiniheshimu hivyo, mnanitisha."

"Nani amekufa?" akauliza Shangazi.

"Hakuna aliyekufa."

"Basi nani amekuvisha hiyo?"

Akaketi mwisho wa benchi, pale pake. "Mama mkwe," akasema.

Nikampa kahawa bila kuulizwa. Akaishika, hakuinywa.

"Tumesoma," nikamwambia. "Mpaka chini."

"Basi mmejua. Mwenye gazeti aliniita jana. Anasema watu hawataki kufikirishwa Alhamisi, wanataka kuambiwa watapata nini. Jumapili, siku ya nyota, magazeti yanaisha. Siku yangu yanabaki ya kufungia viatu."

"Pinga!" Shangazi akampiga bega. "Nenda mahakamani! Nenda bungeni! Serikali imlazimishe akurudishie nafasi yako!"

Niacheni akamtazama. "Shangazi, umejisikia ulichosema?"

"Nimejisikia na narudia. Imlazimishe!"

"Gazeti ni lake. Nimeandika miaka yote kwamba mwenye mali aachwe na mali yake. Siwezi leo kusema aachwe, isipokuwa Alhamisi."

"Kumbe uhuru nao unang'ata," akasema Afande. Tulidhani atafurahi, maana hakuna aliyempinga Niacheni kama yeye. Lakini alikuwa amevua kofia, anaizungusha vidoleni. "Na mimi je? Kila Jumatano usiku nalala nikijiandaa kukupinga. Sasa Alhamisi nitabishana na nani? Na Ng'ombe? Na Samaki?"

"Utabishana na watu wa nyumbani kwako."

"Nyumbani hawanisikilizi. Ndiyo maana nakuja hapa."

"Na hiyo tai je?" Mizani akauliza. "Hujatuambia ya tai."

Niacheni akalegeza fundo kidogo. "Mama mkwe amenitafutia kazi. Mdogo wake ni mkubwa kwenye ofisi moja. Nasubiriwa adhuhuri hii."

"Ofisi gani?"

Akasema kitu ndani ya kikombe.

"Ofisi gani?"

"Ya Vibali."

Sijui nani alianza. Nadhani ni yule mteja mwenye taulo, ambaye hata hatumjui vizuri. Kicheko kikapita benchi lote, kikaingia ndani ya kinyozi, kikatoka. Shangazi alijishika mbavu mpaka pini moja ikamchoma, akalia "aah" katikati ya kucheka.

"Vibali vya nini?" akauliza akifuta macho.

"Vya muziki kwenye harusi. Spika za nje. Mabango. Maigizo ya jukwaani."

"Wewe! Wewe uliyeandika kwamba bibi harusi haombi ruhusa ya kucheza!"

"Nilichoandika nakikumbuka, Shangazi."

"Sasa akija na spika zake utamwambiaje?"

"Nitamgongea muhuri upesi, aende zake."

"Na asiyeleta picha mbili za pasipoti?"

Niacheni akafumba macho. "Usiniulize mambo ya picha."

Kicheko kikaanza kupungua, kwa sababu tulimwona. Alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili kama mtu anayeota moto. Mimi nimemwona mtu huyu akija hapa na malaria, akiwa na homa, anatetemeka, na bado anabishana. Asubuhi ile hakuwa anabishana. Hilo ndilo lililonitia wasiwasi kuliko tai.

"Na gazetini hakuna nafasi nyingine kabisa?" nikamwuliza. "Hata ndogo?"

Akasita. "Ipo. Lakini si kazi ya mtu mzima."

"Ipi?"

"Aliyekuwa anaandika nyota amehama, amekwenda kwenye redio. Mwenye gazeti anasema kama nataka, niandike mimi. Jumapili na Alhamisi. Jibu anataka adhuhuri hiihii. Ama nimpigie simu, ama niende Vibali."

"Amehama ghafla?" akauliza Afande. "Kwani kwenye nyota hakuona kwamba atahama, akawaaga mapema?"

Lakini Mizani hakucheka. Alikuwa ameweka wembe chini, jambo ambalo halifanyi ovyo. "Umepewa nyota," akasema, "ukakataa?"

"Sijakataa. Nimenyamaza."

"Umepewa kalamu ya nyota, ukavaa tai, ukaenda kugonga mihuri!"

"Mizani, ndugu yangu, nisikilize. Hata serikali, na ubishi wake wote, haijafikia hatua ya kumwambia mtu avae rangi gani Jumanne. Nyota inamwambia. Inamwambia asisafiri, asikope, ajihadhari na mtu mfupi. Mimi niwaamrishe watu nisiowajua, kwa kisingizio cha mawe yanayong'aa angani?"

"Na Vibali?" akauliza Shangazi.

"Kule angalau na mimi nitaamrishwa. Tutakuwa sare."

"Unajua kwa nini nasoma nyota?" Mizani alikuwa na sauti ya chini sasa. "Unafikiri mimi mjinga, sijui kwamba kuna mtu mahali ameketi anabuni? Najua. Mimi naishi hapo nyuma ya duka, peke yangu. Naamka, nachemsha maji, nafungua mlango. Mtu wa kwanza kunisemesha ni mteja, na mteja anachosema ni habari ya kichwa chake. Jumapili nafungua gazeti, kuna mtu ananiambia, Mizani, leo usiwe na haraka. Basi. Mimi siku hiyo sina haraka."

Afande akajifanya anatazama kuku.

Mimi si mtu wa kutoa hotuba. Lakini Kadogo alikuwa amelala, mikono yangu haikuwa na kazi, na neno likanitoka.

"Makala zako nimezisoma zote tangu nianze masomo ya jioni," nikamwambia Niacheni. "Nilianza kwa kidole, neno kwa neno, sasa nasoma bila kidole. Nazipenda. Lakini kitu kimoja nimekiona. Wewe unaniita raia. Unaniita msomaji, mpiga kura, mlipa kodi. Hujawahi kuniita 'wewe'. Nyota inaniita 'wewe'."

Akanigeukia.

"Huyu hapa mgongoni hajui neno hata moja," nikaendelea. "Nikimwambia nyamaza, hanyamazi. Nikimwambia lala, ananicheka. Hajawahi kutii amri yangu. Lakini nikimsemesha anatulia, kwa sababu anajua kuna mtu. Labda watu wanaosoma nyota hawatafuti amri. Labda wanataka kusemeshwa tu. Sasa kama lazima mtu awasemeshe, si bora awe mtu asiyependa kuwaamrisha?"

Niacheni akanywa kahawa yake kwa mara ya kwanza. Akainywa yote, kwa mkupuo, na ilikuwa ya moto.

"Nisingeweza hata kama ningetaka," akasema akipuliza ulimi. "Sijui lugha yake."

"Jaribu!" Mizani akasogea. "Jaribu kwangu. Sema Mizani, halafu useme neno."

Niacheni akatazama juu, kama watu wa nyota wanavyofanya. "Mizani. Leo tafakari: kodi kubwa ni wizi uliovaa sare."

"Hapana!" tukasema wote.

"Huo ni mkutano wa hadhara," akasema Shangazi. "Weka mapenzi kidogo. Weka safari."

"Mizani. Leo utasafiri bila kuombwa vitambulisho."

"Hapana! Weka tahadhari," akasema Afande. "Mwambie atazame kulia, kushoto, kisha kulia tena."

"Afande, hii ni nyota, si kivuko."

"Aliyekufa kivukoni hana nyota!"

Niacheni akainua mkono, wakatulia. Safari hii hakutazama juu. Alimtazama Mizani, na povu lake kavu kwenye kiwiko, na koti lake la kazi lililofungwa kifungo kisicho chake.

"Mizani," akasema. "Wewe unajua kunyamaza na watu, na wengi hawajui. Leo mtu atakupangia jambo lako. Mshukuru. Kisha panga la kwako."

Mizani akafumba macho. Akayafumbua. "Eee," akasema, amejishika kifua. "Hiyo imenifikia hapa."

"Hakuna amri humo," nikasema.

"Imo," akasema Afande. "Amri ya kutotii amri. Mbaya kuliko zote. Lakini nzuri."

Niacheni akalivuta lile fundo. Liligoma, tukasaidiana, Shangazi akatishia kutumia mkasi, mwishowe likaachia. Akaenda na simu pembeni ya barabara, mgongo ametugeuzia, akizungumza na mwenye gazeti. Hatukusikia maneno, lakini mkono wake wa pili ulikuwa unakata hewa kama zamani, na Shangazi akaniambia, "Mwone, anabishana. Amepona."

Aliporudi Afande akamwuliza, "Na mama mkwe?"

"Nitamwambia nimepata kazi gazetini."

"Utamwambia ipi?"

"Mtu mzima ana haki ya faragha," akasema Niacheni, na akaagiza kikombe cha pili.

Alhamisi iliyofuata hakuna aliyechelewa. Hata yule mteja wa taulo alikuja, na hakuwa na nywele za kunyolewa. Niacheni aliketi mwisho wa benchi akijifanya anasoma upande wa michezo. Chini ya kichwa "Nyota Zako" hapakuwa na jina la mtu, palikuwa na picha ndogo ya mwezi tu.

"Soma, Mama Kadogo."

"'Kondoo. Wewe utapewa ushauri leo na mtu anayekupenda. Msikilize mpaka mwisho, kisha fanya ulilokuwa umepanga.'"

"Mm," akasema Shangazi. Hakukatiza, alitoa pumzi tu, na Afande akampuuza.

"'Mapacha. Kijana wako anapenda muziki usioupenda. Ana masikio yake, wewe una yako. Kuleni pamoja. Kaa. Wewe umechoka kuomba ruhusa ya kupumzika. Hakuna ofisi inayoitoa. Pumzika.'"

Hapo nilitua kidogo kabla ya kuendelea. Nyota yangu ni Kaa. Sikuwaambia.

"'Simba. Wewe umezoea kuongoza. Leo acha kitu kimoja kipite bila kukisimamisha. Utashangaa: kitafika.'"

Watu wote wakamgeukia Afande. Kuku akawa anapita, kweli, anajikokota katikati ya njia kwa dharau. Mkono wa kulia wa Afande ukaanza kupanda wenyewe. Akaushika kwa wa kushoto, akaukalia. Kuku akafika.

"Mnaniangalia nini?" akasema. "Nilikuwa nimechoka tu."

"'Nge,'" nikasoma, na nikaona kitu cha ajabu. Kondoo alikuwa na mistari mitatu, Simba mitatu, hata Mizani mwenyewe alipewa minne kwa upendeleo. Nge alikuwa ameteremka mpaka chini ya ukurasa, amemsukuma Samaki pembeni.

"'Nge. Wewe ni mama mwenye moyo mkubwa na simu yenye salio. Kuna kijana wa familia uliyemtafutia kiti kwenye ofisi yenye mihuri. Amepata kiti kingine. Ni kizuri. Mwache. Usimpigie wakati wa kula. Usimtume mdogo wako kumpigia wakati wa kula. Ukimwona kwenye sherehe, usiulize mbele ya watu kama amepata kazi ya maana. Shati lake la mistari halina tatizo. Binti yako amelipenda na ndiye anayeliona kila siku. Nyota zote ziko pamoja juu ya jambo hili. Mwache. Rangi yako ya bahati ni ile uipendayo mwenyewe.'"

Nikashusha gazeti.

Niacheni alikuwa amelipandisha la kwake, yaani upande wa michezo, mpaka juu ya paji la uso. Shati lake lilikuwa la mistari.

"Niacheni," akasema Shangazi kwa sauti tamu. "Mama mkwe wako ni nyota gani?"

"Hilo ni jambo la binafsi."

"Mtetezi wa uhuru!" Afande akaruka wima bila kuamriwa na mtu. "Mtu aliyesema hataamrisha asiowajua!"

"Namjua," sauti ikatoka nyuma ya gazeti. "Namjua vizuri sana."

"Hizo ni amri ngapi humo? Usipige, usitume, usiulize! Hata mimi barabarani sikuwa na alama nyingi hivyo!"

"Umeiajiri anga nzima imfukuze mama wa watu!" Mizani alikuwa analia kwa kicheko. "Nyota zote ziko pamoja! Nge wangapi nchini leo wameweka simu chini, hawajui wamemkosea nani?"

Hapo simu ya Niacheni ikalia juu ya benchi. Akaitazama, rangi ikamtoka. Hatukuhitaji kuuliza ni nani. Akainyanyua, na Shangazi, kabla hata simu haijafika sikioni, akanyoosha kidole akabonyeza sauti ya nje.

"Shikamoo, mama," akasema Niacheni.

"Marahaba, baba, hujambo? Sikucheleweshi, najua uko kazini." Sauti ilikuwa nzito, ya mwanamke aliyezoea kusikilizwa. "Nimepiga kukuambia kitu kimoja. Sitakusumbua tena kwa habari ya Vibali. Wala kwa shati."

Benchi zima likainamia simu.

"Ahsante, mama. Kwa nini, mama?"

"Nimesoma nyota yangu leo. Mwanangu, sijawahi kuona kitu kama kile. Yule mtu amenisema kama aliyeketi sebuleni kwangu! Ananiita 'wewe', ananikanya kwa heshima, taratibu, hatumii yale maneno makubwamakubwa. Nimekaa nikajifikiria, nikaona kweli nimezidi. Nimekuacha, baba. Fanya unavyoona."

"Nashukuru sana, mama." Alikuwa ameshinda, na uso wake haukujua uweke wapi ushindi wenyewe.

"Ila na mimi nikuambie la moyoni, usikasirike."

"Sema tu, mama."

"Zile makala zako nilikuwa nazisoma kwa sababu wewe ni mkwe wangu. Nilikuwa sielewi kitu. Huyo mwenzako wa nyota ndiye mwandishi. Kwa kuwa mko ofisi moja, nenda ukamwamkie, uketi chini yake, akufundishe kazi. Umenisikia?"

Niacheni akatutazama mmoja mmoja. Shangazi alikuwa ameuma futi yake ya kupimia. Afande alitazama ukuta.

"Nimekusikia, mama," akasema. "Nitamwamkia."